Mcheza Kwao Hutunzwa



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maana yake twaijua sote. Mtu achezapo ngoma mbele ya watu wake, ndugu na jirani humwendea uwanjani, wakampa fedha au kanga, wakamfuta jasho, wakarudi vitini mwao. Lakini neno hili kutunza lina maana mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kumpa mchezaji zawadi pale pale achezapo. Ya pili ni kukiangalia kitu kisiharibike, kama mtu atunzavyo mtoto, ama shamba, ama kitabu. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya wapenzi wa muziki wa dansi katika Dar es Salaam, hasa sisi tukaao pembeni mwa mji, Temeke na Kinondoni. Na swali langu ni hili: je, wachezaji wetu tumewatunza kwa maana zote mbili, ama kwa moja tu?

Kabla ya kuingia nyumbani, naomba niwapeleke mbali kidogo, maana mtu huiona sura yake katika kioo, na kioo hakikai usoni pake.

Kusini mwa Marekani, katika nchi ya pamba iliyo kando ya mto Mississippi, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani walikuwa na namna yao ya kuimba iitwayo bluzi. Mara nyingi huwa ni mtu mmoja na gitaa lake. Mwimbaji husema neno, hulirudia neno lile lile, kisha katika mstari wa tatu hulitolea jawabu. Huimba habari za kazi ngumu, za mafuriko, za treni imchukuayo mpenzi wake, na za mauti. Mwaka wa 1920 mwanamke mmoja, Mamie Smith, aliimba bluzi katika santuri, na santuri ile ikanunuliwa kwa wingi hata makampuni yakaanza kuwatafuta waimbaji weusi wengine. Katika hao alikuwako mkulima mmoja wa Mississippi, jina lake John Hurt. Mwaka wa 1928 aliimba nyimbo kadha katika miji ya Memphis na New York. Santuri zake hazikuuzika sana, na mwaka uliofuata biashara ya dunia nzima ikaanguka. Naye akarudi shambani kwake, akasahauliwa.

Ikapita miaka thelathini na mitano. Katika miji ya kaskazini walikuwako vijana wachache waliozipenda santuri zile kuukuu. Walizitafuta majumbani mwa watu na katika maduka ya vitu vya zamani. Walikutana kuzisikiliza, wakabishana juu ya kila mlio wa gitaa, wakaandikiana barua. Basi katika wimbo mmoja Hurt alikuwa ametaja kijiji chake, Avalon. Mwaka wa 1963 mmoja wa wapenzi hao, Tom Hoskins, alilitafuta jina lile katika ramani ya zamani, akaliona, akafunga safari. Alipofika akauliza habari za mwimbaji, akaonyeshwa nyumba. Mzee yu hai! Mwaka ule ule John Hurt alisimama mbele ya maelfu ya watu akaimba, akaishi miaka mitatu zaidi katika heshima, mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Mwaka wa 1964 mwimbaji mwingine mkubwa, Son House, naye alipatikana kwa namna hiyo katika mji wa Rochester, ambako watu wengi hawakujua kwamba yupo.

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, vijana wengine walizisikiliza santuri za Muddy Waters wa Chicago, aliyekuwa amelitia gitaa la bluzi nguvu ya umeme. Mwaka wa 1962 walianzisha bendi wakaiita Rolling Stones, kwa jina lililotoka katika wimbo wake. Kwa njia hiyo bluzi ilizaa muziki wa roki, na mtoto akapata utajiri ambao mzazi hakuuona.

Angalieni jambo hili. Aliyefunga safari kumtafuta John Hurt hakuwa mjumbe wa serikali, wala wa kampuni iliyouza santuri zake. Alikuwa mpenzi tu, na hakuwa na ramani nyingine ya kumwongoza ila wimbo wenyewe. Kioo chetu ni hicho. Na sasa turudi nyumbani tujitazame.

Sisi hatukuwa na bluzi, lakini tulikuwa na ngoma, na katika ngoma tulikuwa na mapenzi makali. Kabla ya dansi palikuwa na beni. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga tarumbeta, gwaride na mavazi ya askari, ikaenea mpaka bara. Katika Dar es Salaam palikuwa na vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, kila kimoja na vyeo vyake, mavazi yake na wafuasi wake. Mfuasi wa Marini hakukubali hata kidogo kwamba Arinoti wajua kucheza, wala wa Arinoti hakumwachia wa Marini neno la mwisho. Ushindani huo msiusahau, maana tutaukuta tena mbele.

Santuri nazo watu wetu walikwisha kuijua thamani yake. Mwaka wa 1928, mwaka ule ule wa John Hurt, Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kuimba kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kunasia sauti, na santuri zake zikasikiwa pwani nzima. Mwenye gramafoni hakuwa na haja ya kualika wageni. Akilifungua dirisha tu, walikuja wenyewe.

Mwaka wa 1932 ilianzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Baadaye, mwaka wa 1944, ikaja Morogoro Jazz. Kisha katika miaka ya 1950 zikafuata Kilwa Jazz na Western Jazz. Wengi huuliza kwa nini bendi hizi zilijiita Jazz, nazo hazikupiga jazi ya Marekani. Jawabu ni kwamba neno lile lilikuwa alama ya mambo ya kisasa. Lilimaanisha muziki wa ala za kigeni, wa kuchezwa ukumbini wawili wawili, wala si duarani. Mdundo wenyewe ulitoka kwingine. Tangu mwaka wa 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikitoa santuri za Kuba zenye namba za herufi G.V., nazo zikapendwa sana katika Afrika. Marehemu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, jina lijielezalo lenyewe. Lakini rumba ya Kuba nayo ilizaliwa na watoto wa Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo bluzi na dansi letu ni wajukuu wa bibi mmoja waliolelewa nyumba mbali mbali. Wakikutana hawaelewani lugha, ila hutazamana usoni wakajua kwamba ni ndugu.

Udugu huo waonekana katika maneno yaimbwayo. Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam una sehemu mbili. Kwanza huja maneno, nayo huimbwa taratibu kwa sauti za kupokezana: mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba, mume aliyerudi safarini akakuta nyumba tupu, rafiki aliyegeuka mmbea, kijana aliyeuacha mji wa kwao na sasa hana nauli ya kurudi. Watu husikiliza. Kisha magitaa hushika njia, tarumbeta na saksafoni hujibizana, ngoma huchanganya, nayo sehemu hiyo huitwa chemko, maana kilichokuwa kikifukuta sasa chachemka. Hapo hata yule aliyekuwa akilia kwa ajili ya maneno huinuka akacheza. Mwimbaji wa bluzi hufanya vivyo hivyo: huchukua msiba akautia mdundo, ili upate kubebeka.

Baada ya Uhuru bendi nyingi zikawa mali ya vyama na mashirika ya umma. Mwaka wa 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz Band, ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wote huiita Msondo Ngoma. Mwaka wa 1978 ikazaliwa bendi nyingine katika baa ya Mlimani Park, chini ya shirika la usafiri na teksi. Na mwaka wa 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Hiyo ndiyo DDC Mlimani Park Orchestra, nayo wapenzi wake wakaipa jina la Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo. Msondo pia ni jina la ngoma ya asili. Basi mnaona jinsi mambo yalivyozunguka. Bendi za kisasa, zenye magitaa ya umeme, zimerudi kujiita kwa majina ya ngoma za mababu. Na mji ukagawanyika Msondo na Sikinde, kama ulivyogawanyika zamani Marini na Arinoti.

Ushindani huu ulikuwa shule. Mpenzi wa Sikinde alilitambua gitaa la solo la bendi yake kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alijua ni nani aliyetunga, ni nani aliyepuliza tarumbeta, na ni wimbo gani wa upande wa pili uliojibiwa. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA tangu miaka ya kwanza, alipoondoka kwenda Mlimani Park mwaka wa 1978, ilikuwa kana kwamba uchumba umevunjika. Na alipowarudia Msondo baada ya miaka mingi, wale wale waliomlaani wakampokea kwa vigelegele. Hassan Bitchuka naye aliimba pande zote mbili. Na katika Mlimani Park alikuwako Michael Enoch, mtu aliyepitia Dar es Salaam Jazz, ambaye wenzake walimwita Ticha kwa sababu aliwafundisha wengi. Mimi niliye mwalimu nalipenda sana jina hilo. Twajisifu kwamba elimu hutoka darasani, kumbe katika kumbi za Dar es Salaam palikuwa na chuo kisicho na ubao wala chaki, na wanafunzi wake wakafaulu.

Haifai nisimulie mambo matamu tu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1969 wakuu wa mkoa walipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam, wakiona kwamba muziki huo wa watu weusi wa Marekani wawaharibu vijana. Vijana hawakuacha kuupenda. Walijifunza kusikiliza kwa sauti ya chini. Na magitaa hayakunyamaza. Katika miaka ya 1970 palikuwa na kundi la Sunburst hapa Dar es Salaam, lililochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika. Mwaka wa 1976 likatoa santuri yake kubwa, Ave Africa, iliyonaswa Zambia. Kisha watu wakaisahau. Mwaka wa 2016 nyimbo zao zote zilikusanywa zikatolewa upya Ulaya, kwa sababu wako wapenzi wa huko waliozitafuta kama yule kijana alivyokitafuta kijiji cha Avalon. Jambo hilo lilinifurahisha, tena likanitia haya. Mgeni alikuja kuokota chombo uani kwetu, sisi tukikipita kila siku.

Tutazame sasa jinsi tulivyotunza. Kwa maana ya kwanza, hapana awezaye kutulaumu. Katika kumbi za Temeke na Kinondoni, uwanja wa TCC Chang'ombe na Mango Garden kwa mfano, mimi mwenyewe nimeona mtu wa mshahara mdogo akiinuka kitini, akaenda mbele, akabandika noti katika paji la uso la mwimbaji, akarudi akicheza. Usiku ule ametunza, na methali imetimia.

Lakini kulipokucha mambo yalikuwa mengine. Bendi nyingi hazikumiliki vyombo vyao; magitaa na spika vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Santuri zilichapwa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka wa 1977 njia hiyo ikawa ngumu mno. Kwa miaka mingi Radio Tanzania ndiyo iliyonasa karibu bendi zote, na nyimbo zikasikiwa mpaka vijijini. Ndipo watu wakajifunza kuzinasa wenyewe kutoka redioni katika kaseti. Kaseti moja ikazaa kumi, na kumi zikazaa mia, wala katika zile mia mtungaji hakupata hata thumni. Sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 1999, pamoja na chombo chake cha COSOTA, ilikuja wakati wengi wamekwisha kuzeeka au kufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka wa 1979 katika ajali ya motokaa huko Kenya. Marijani Rajab, tuliyemwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka wa 1995. Jabali limeanguka, na mwangwi wake ungali ukiuzwa barabarani.

Hata hivyo kaseti ile ile iliyomnyima mtungaji riziki ndiyo iliyouokoa wimbo wake. Hapa ndipo penye fumbo la mazungumzo yangu. Jirani yangu mmoja wa Temeke ana sanduku la bati lililojaa kaseti alizonasa ujanani mwake. Juu ya kila moja ameandika kwa kalamu ya wino jina la bendi, jina la mwimbaji, na siku aliyoinasa. Jumapili jioni wazee wenzake huja na viti vyao wakakaa barazani. Mmoja ni Msondo, wengine ni Sikinde. Hubishana mpaka kahawa ikapoa: ni nani aliyepiga gitaa la pili, na je, wimbo huu ulitoka kabla ya ule? Mtu apitaye njiani hudhani wanapoteza wakati. Nami zamani nilidhani hivyo. Sasa naona kwamba pale barazani pana makumbusho, na walinzi wake hawalipwi mshahara.

Siku moja niliwasomea wanafunzi wangu wa ualimu majina ya nyimbo kadha za zamani. Walizijua karibu zote, wakaanza kuziimba. Nikauliza, nani alizitunga? Darasa likanyamaza. Walikuwa wamerithi nyumba bila kujua jina la aliyeijenga. Sikuwakemea, maana kosa halikuwa lao. Sisi wazazi na walimu tuliwapa wimbo, tukasahau kuwapa jina.

Basi yapo mambo matatu ambayo mpenzi wa muziki aweza kuyafanya, na hapana hata moja lihitajilo mali nyingi. La kwanza, tuandike. Ukiwa na santuri, ama kaseti, ama wimbo katika simu yako, andika jina la mtungaji, la mwimbaji na la wapigaji, na mwaka kama waujua. Wimbo usio na jina ni kama mtoto asiye na ukoo. Kila mtu humchukua kama wake. La pili, tuulize. Wako wanamuziki wazee wanaoishi mitaani mwetu, nasi twawapita dukani bila kuwajua. Mtu alisafiri kutoka mji hata mji kumtafuta John Hurt; wewe labda wahitaji kuvuka barabara moja tu. La tatu, tulipe. Kiingilio cha ukumbini ni malipo, santuri iliyonunuliwa kwa haki ni malipo, na jina lililotajwa redioni kila wimbo unapopigwa ni malipo pia.

Namna nyingine ya kutunza iko wazi kwa kila apandaye daladala. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika Kongo, mwaka wa 1947, akaja Dar es Salaam mwaka wa 1978, akaimba habari za maskini na za mauti mpaka sauti yake ikafika Ulaya. Ukimwuliza mtu bluzi yetu ni ipi, yamkini atakuonyesha nyimbo zake. Alikaa Sinza, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Kinondoni, akafariki mwezi wa Desemba mwaka wa 2010. Lakini hata leo kondakta akifika mahali pale huita, "Sinza kwa Remmy!" Abiria hushuka, na wengi wao ni vijana wasiopata kumwona. Kituo kile hakikupewa jina na kamati. Ni watu tu waliomwita jirani yao kwa jina lake, wakaendelea kumwita hata baada ya kufa kwake.

Mcheza kwao hutunzwa, wasikilizaji. Usiku tumekwisha kutunza vizuri. Deni letu lililobaki ni la mchana.